Mgonjwa na Aulizwe

Waswahili husema mgonjwa haulizwi uji. Maana ya msemo huo ni njema. Mtu aliyezidiwa hangojewi mpaka aombe. Anayemwuguza hupika uji na kumpelekea, kwa kuwa ni dhahiri kwamba anauhitaji. Lakini wapo waliouchukua msemo huo wa huruma wakaugeuza kuwa desturi ya kazi. Katika shughuli za kubuni dawa, vifaa na mipango mipya ya afya, mara nyingi mgonjwa haulizwi chochote. Hupelekewa mashine iliyobuniwa kwa ajili ya hospitali nyingine, katika nchi nyingine, kwa watu wengine, kisha hutakiwa ashukuru. Uji umekwisha kupikwa na mtu asiyejua kama mgonjwa anaweza kumeza.

Jambo hili linastahili kuangaliwa kwa makini katika wakati huu ambapo neno ubunifu linasikika kila pahali. Tanzania imekuwa na mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu tangu mwaka 2019, na vyuo vinahimiza wanafunzi wavumbue. Vijana hodari wanatengeneza programu za simu, vipimo na vifaa vya namna nyingi. Juhudi hizo zinafaa kupongezwa na kila mpenda maendeleo. Hata hivyo, kabla ya kupima uhodari wa chombo, lipo swali linalopaswa kutangulia: chombo hicho kinajibu haja gani, haja hiyo ni ya nani, na ni nani aliyekwenda kuithibitisha mahali inapoumiza?

Swali hilo lisipoulizwa mapema, jibu lake hupatikana baadaye kwa gharama kubwa. Mwaka 2011 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa vifaa zaidi ya 110,000 vya hospitali katika nchi maskini. Waliona kwamba karibu asilimia 40 ya vifaa hivyo vilikuwa havifanyi kazi. Sababu kubwa zilikuwa upungufu wa mafunzo, udhaifu wa utunzaji, na ukosefu wa mambo ya msingi kama umeme wa kutegemewa. Kila kifaa kati ya hivyo kiliwahi kuhesabiwa kuwa maendeleo siku kilipoingia hospitali. Wapo wananchi wengi wanaojua chumba cha hospitali kinachofunguliwa mara moja kwa mwezi ili kufagiliwa, na ndani yake mashine imefunikwa shuka kama maiti.

Mfano mmoja unajulikana sana. Baada ya gharika ya tsunami ya Desemba 2004, hospitali ya mji wa Meulaboh nchini Indonesia ilipewa mashine nane za kutunzia joto watoto njiti. Mwaka 2008, wataalamu waliofika huko walikuta mashine zote nane ni mbovu. Umeme wa kupanda na kushuka na unyevu wa pwani ulikuwa umeziharibu, na waliobaki nazo hawakuwa na njia ya kuzitengeneza. Hakuna aliyewadhulumu watu wa Meulaboh kwa makusudi. Waliotoa msaada walikuwa na nia safi. Walikosea katika jambo moja tu: walipeleka kitu kabla ya kujua mahali kitakapokwenda kufanya kazi.

Kisa hicho hakikuishia hapo, na sehemu yake ya pili ina somo kubwa zaidi. Wabunifu wa shirika la Design that Matters la Marekani, likiongozwa na Timothy Prestero, walipoangalia miji ya namna hiyo waliona kwamba penye hospitali isiyo na fundi wa mashine za tiba, magari huwa yanatembea na mafundi wake wapo. Basi wakabuni mashine ya kutunzia watoto iliyotumia vipuri vya gari: taa za mbele zitoe joto, feni ivumishe hewa, na betri ishike zamu umeme ukikatika. Wazo hilo lilisifiwa mno, na mwaka 2010 jarida la Time la Marekani lililihesabu miongoni mwa uvumbuzi bora 50 wa mwaka huo. Lakini mashine hiyo haikuingia wodini. Prestero mwenyewe ameeleza hadharani kwamba kubuni kitu cha kusifiwa ni kazi mbali na kubuni kitu cha kutumika. Kwa kitu cha kutumika lazima ijulikane pia nani atakitengeneza, nani atakinunua, na nani atakubali kukitumia. Haja ya mgonjwa ina watu wengi ndani yake, na mbunifu akimwacha mmoja nje, kazi yote inaweza kusimama.

Sasa ulinganishwe mkasa huo na ule wa Bogota, mji mkuu wa Kolombia. Mwaka 1978 daktari Edgar Rey Sanabria alikabiliwa na tatizo lile lile katika hospitali ya wazazi ya mji huo. Watoto njiti walikuwa wengi, mashine zilikuwa chache, watoto walilazwa wakibanana, na maambukizo yaliwaua. Angeweza kuandika barua ya kuomba mashine zaidi na kungoja. Badala ya kuhesabu mashine zilizokosekana, alitazama kile mtoto anachokosa: joto, maziwa ya mama, na kinga dhidi ya vijidudu vya wodini. Vyote hivyo vilikuwa vimekaa kitini nje ya mlango, yaani mama mwenyewe. Mtoto akawekwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, akafungwa kwa nguo, akanyonya, na alipokuwa imara akaruhusiwa kurudi nyumbani mapema akiwa hapo hapo kifuani. Mwaka uliofuata daktari Héctor Martínez alijiunga naye katika kazi hiyo. Leo huduma hiyo, inayoitwa ya kangaroo, imeenea duniani, na Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazoitumia.

Tofauti ya mikasa hii miwili ndiyo kiini cha jambo lote. Kusema "hospitali haina mashine" ni kutaja kitu kilichokosekana. Kusema "mtoto wa kilo moja na nusu anapoteza joto usiku, naye analala mbali na mama yake" ni kutaja haja. Anayetaja kitu amekwisha kufunga mlango wa fikra, maana jibu lake ni moja tu, nalo ni kununua. Anayetaja haja ameacha mlango wazi: jibu laweza kuwa mashine, laweza kuwa kitambaa, laweza kuwa utaratibu mpya wa zamu, laweza kuwa kitanda cha mama kando ya kitanda cha mtoto.

Na kweli kitanda hicho cha mama kimekuja kuonekana kuwa jambo kubwa. Kwa miaka mingi mtoto njiti aliruhusiwa kwenda kifuani kwa mama baada tu ya kuimarika. Kabla ya hapo alitenganishwa naye. Kati ya mwaka 2017 na 2020, hospitali tano za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania zilijaribu kuanza huduma hiyo mara baada ya mtoto kuzaliwa. Kwa upande wa Tanzania kazi ilifanyika Muhimbili. Watoto waliohusika walikuwa na uzito wa kuanzia kilo 1 hadi chini ya kilo 1.8. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba katika siku 28 za kwanza walikufa watoto 12 katika kila 100 waliowekwa kifuani mapema, na karibu 16 katika kila 100 waliofuata utaratibu wa zamani. Tofauti hiyo ilikuwa kubwa kiasi kwamba majaribio yalisimamishwa kabla ya wakati, kwa kuwa haikuwa haki kuwanyima wengine. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likabadili mwongozo wake. Kumbe haja iliyokuwa imefichika ndani ya wodi ya watoto mahututi ilikuwa nafasi ya mama kulala. Majengo mengi yalichorwa na watu ambao hawakumfikiria mama kuwa sehemu ya tiba.

Mtu anaweza kuuliza kama haja za namna hii si dhahiri kwa kila mwenye macho. Laiti ingekuwa hivyo. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mwenye hospitali jirani hamjui mwenye safari ya siku nzima. Haja zilizo dhahiri kwa mkaaji wa mjini ni zile zinazoonekana mjini. Haja nyingine huishi mahali ambapo daftari la wagonjwa halifiki, kwa sababu daftari huandika waliofika tu.

Utazamwe ugonjwa wa kichocho, ambao wakazi wa kando ya Ziwa Victoria wanaujua vizuri. Dawa yake, praziquantel, imekuwapo tangu miaka ya 1970. Vidonge vyake ni vikubwa na vichungu, na kampeni za kuigawa zilielekezwa hasa shuleni, kwa kuwa shuleni watoto hupatikana kwa urahisi. Mtoto wa miaka miwili au mitatu, anayekwenda ziwani mgongoni kwa mama na kuogeshwa katika maji yale yale, hakuwa na dawa iliyotengenezwa kwa ajili yake. Hakuwa mwanafunzi, kwa hiyo hakuhesabiwa. Ushirika wa taasisi mbalimbali ulioundwa kutafuta dawa ya watoto hao ulianza mwaka 2012. Mamlaka ya dawa ya Ulaya ilitoa maoni ya kuikubali Desemba 2023, na mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani likaipa idhini yake. Kutoka dawa ya wakubwa hadi dawa ya wadogo pamepita zaidi ya miaka 40. Katika muda huo sayansi ilikuwapo. Kilichochelewa ni mtu wa kusimama na kuuliza ni nani ambaye hayumo katika foleni.

Dawa ya mseto ya malaria nayo ilipitia njia hiyo, ingawa kwa mwendo wa haraka zaidi. Vidonge vilivyotengenezwa kwa watu wazima vilipaswa kupondwa kwa ajili ya watoto. Dawa ilikuwa chungu, mtoto aliitema, na hakuna aliyeweza kusema kwa hakika ni kiasi gani kilichobaki tumboni. Yule aliyeshuhudia hayo hakuwa mkemia. Alikuwa mama mwenye kijiko mkononi na muuguzi aliyemsaidia kumshika mtoto. Dawa inayoyeyuka katika maji na yenye ladha tamu ilipofanyiwa majaribio katika nchi tano za Afrika, zikiwamo Tanzania na Kenya, ilionekana kutibu sawasawa na ile iliyopondwa, na mwaka 2009 ikatolewa kwa matumizi. Chumba cha maabara kilifanya kazi kubwa, lakini kilifanya kazi hiyo kwa kufuata swali lililotoka kwenye kijiko.

Historia ya maji ya chumvi na sukari inaeleza jambo hili kwa ukamilifu. Mwaka 1971, wakati wa vita vya ukombozi wa Bangladesh, mamilioni ya wakimbizi waliingia India, na kipindupindu kikazuka kambini. Tiba iliyoaminika ilikuwa ni dripu. Katika mji wa mpakani wa Bongaon, dripu zilikuwa zinakwisha na wauguzi hawakutosha. Daktari Dilip Mahalanabis aliona kwamba haja haikuwa dripu. Haja ilikuwa kurudisha maji na chumvi ndani ya mwili kwa njia ambayo ndugu wa mgonjwa wangeweza kuitumia wenyewe. Wanasayansi walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba sukari husaidia utumbo kufyonza chumvi na maji. Basi unga wa chumvi na sukari ukapakiwa, ukachanganywa na maji katika mapipa, na ndugu wakawanywesha wagonjwa kikombe baada ya kikombe. Vifo vilivyokuwa vikifika hadi asilimia 30 vikashuka hadi chini ya asilimia 4 miongoni mwa waliopata tiba hiyo. Hapakuwa na mashine mpya. Palikuwa na haja iliyotajwa sawasawa.

Lakini lisifikiriwe kwamba haja ikishatajwa mara moja kazi imekwisha. Kuanzia mwaka 1980, shirika la BRAC la Bangladesh lilituma wanawake nyumba kwa nyumba wawafundishe akina mama kutengeneza maji hayo kwa viganja vyao: chumvi ya kubana kwa vidole, konzi ya sukari guru, na kipimo cha maji. Katika muda wa miaka 10 nyumba zaidi ya milioni 12 zilifikiwa. Mwanzoni ilionekana kwamba akina mama walikumbuka mafunzo vizuri, lakini wengi hawakuyatumia. Shirika halikuwalaumu kwa ujinga, lilikwenda kuchunguza. Likakuta kwamba baadhi ya walimu wenyewe hawakuwa na imani na maji hayo, na walipougua walikunywa vidonge. Likakuta pia kwamba wanaume hawakuwa wameelezwa chochote, nao walikuwa na sauti katika nyumba. Walimu wakaelimishwa namna maji hayo yanavyofanya kazi mwilini, na wanaume wakafuatwa misikitini na sokoni. Matumizi yakapanda. Hilo ndilo fundisho: haja huulizwa mwanzo, huulizwa katikati, na huulizwa tena baada ya kazi kuonekana imekwisha.

Tanzania ina mifano yake, na si haki kutafuta busara mbali wakati ipo nyumbani. Kati ya mwaka 2009 na 2010 ulifanywa mpango wa majaribio katika wilaya za Lindi Vijijini, Ulanga na Kigoma Vijijini, uliohusu vituo 129 vya tiba. Tatizo lilikuwa la siku nyingi: mgonjwa wa malaria anafika zahanati, anapimwa, kisha anaambiwa dawa zimekwisha. Ungeweza kudhaniwa kuwa upungufu wa dawa tu. Walipochunguza waliona kwamba kulikuwa na upungufu wa habari: ofisi ya wilaya haikujua ni zahanati ipi imekaukiwa na ipi ina ziada. Chombo kilichochaguliwa kilikuwa kile kilichokuwa tayari mfukoni mwa mganga, yaani simu ya mkononi. Kila wiki mganga aliletewa ujumbe wa kumkumbusha, akahesabu dawa, akajibu, na akapewa muda wa maongezi bila malipo. Mpango ulipoanza, vituo 78 katika kila 100 vilikuwa vimekosa aina moja au zaidi ya dawa zilizofuatiliwa. Baada ya wiki 21 vilibaki 26 katika kila 100.

Mfano wa pili unatoka Haydom, katika Mkoa wa Manyara. Mwaka 2010 wakunga wa hospitali ya huko walipewa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga ambaye hapumui anapozaliwa. Miezi kadhaa baadaye walipimwa kwa kutumia mwanasesere, wakafanya vizuri. Mtu mwenye haraka angefunga jalada na kuandika kwamba haja ya elimu imetimizwa. Lakini watafiti walikwenda kutazama wodini, wakaona kwamba matendo mbele ya mtoto halisi hayakubadilika. Elimu ilikuwa kichwani na haikuwa imefika mikononi. Ndipo yakaanzishwa mazoezi mafupi ya dakika chache, ya mara kwa mara, hapo hapo katika wodi ya uzazi. Vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 katika kila watoto 1,000. Bila ya kutazama kazi inavyofanyika, tofauti ya kichwa na mkono isingejulikana kamwe.

Mfano wa tatu ni wa safari ya mama mjamzito. Mwaka 1994 wataalamu Sereen Thaddeus na Deborah Maine walieleza kwamba mama hupoteza maisha katika ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua kwenda hospitali, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Kwa muda mrefu jibu la ucheleweshaji wa pili lilikuwa moja tu, ambalo ni kuomba gari la wagonjwa. Mpango wa m-mama, ulioanza mwaka 2013 na kujaribiwa Sengerema na Shinyanga, ulitazama haja upya. Mama anahitaji gari lolote lililo karibu, dereva anayeaminika, na mtu wa kupokea simu usiku. Madereva wa magari ya kawaida wakaandikishwa ili washike nafasi pale gari la wagonjwa lisipopatikana, na mwaka 2022 mpango huo ukazinduliwa kitaifa, simu yake ikiwa namba 115 isiyo na malipo. Vifo vya wazazi nchini, kwa mujibu wa tafiti za kitaifa, vilikuwa 556 katika kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa mwaka 2015-16 na 104 katika ule wa mwaka 2022. Mpango mmoja hauwezi kudai sifa zote hizo, kwa maana kazi za wengi zimechangia. Lakini hakuna shaka kwamba barabara ya usiku ilikuwa sehemu ya haja, na ilibidi mtu aitazame.

Wapo watakaosema kwamba kumuuliza mwananchi ni kupoteza wakati, kwa kuwa hajui sayansi. Hoja hiyo ina ukweli nusu, na ukweli nusu ni hatari kuliko uwongo mzima. Ni kweli kwamba mgonjwa hawezi kuchagua kemikali ya dawa wala kuchora saketi ya umeme. Wala kila anachokiomba si haja yake. Wapo wengi wanaodai sindano kwa kila homa, na mtaalamu anayewatii anawadhuru. Lakini kitanda usichokilalia huwezi kujua kunguni wake. Mgonjwa anajua saa ngapi alitoka nyumbani, aliuza nini ili apate nauli, ni wapi alikata tamaa na kurudi, na kwa nini alimeza nusu ya dawa akaiweka nusu kwa ajili ya mtoto mwingine. Hayo hayamo katika kitabu chochote cha uhandisi. Kazi ya mtaalamu ni kuyasikiliza, kuyapima, na kuyatenganisha matakwa na mahitaji. Mtaalamu anayesikiliza hapunguzi utaalamu wake hata kidogo. Anaupa mahali pa kukanyaga.

Wengine watasema kwamba fedha ni chache na uchunguzi wa haja unagharimu. Ni sawa, lakini wafanye hesabu kamili. Wiki tatu za kukaa zahanati na daftari hugharimu nauli, chakula na posho. Mashine moja isiyotumika hugharimu bei yake, usafirishaji wake, chumba inachokalia, na maisha ya yule aliyeambiwa kwamba ipo. Nchi tajiri inaweza kubahatisha mara kumi na kufaulu mara moja. Nchi yenye mapato kidogo haina ruhusa ya kubahatisha, na kwa sababu hiyo inapaswa kuwa mahiri zaidi katika kuuliza.

Basi yapo mambo yanayoweza kufanywa bila kungoja mfadhili. Kila zahanati na kituo cha afya kinaweza kuwa na daftari la mahitaji, ambamo muuguzi, mkunga na mhudumu ataandika kila mara anapolazimika kuhangaika kwa kukosa njia: ni nani aliyeumia, ni nini kilichotokea, ni mara ngapi kimetokea, na walijitafutia njia gani ya kukivuka. Hili la mwisho ni muhimu sana. Pale muuguzi alipofunga mrija kwa plasta au alipotumia chupa ya maji badala ya chombo kilichovunjika, pana haja imejionyesha na nusu ya jibu imeshapatikana. Kamati za afya, ambazo wananchi wanawakilishwa ndani yake, zinaweza kuongeza habari za wale wasiofika: mlemavu asiyepanda ngazi, mzee wa mbali, msichana anayeona aibu, mvuvi aliye kambini. Wilaya ikikusanya madaftari hayo, itakuwa na hazina isiyopatikana katika maabara yoyote.

Vyuo navyo vina wajibu. Mwanafunzi wa uhandisi asiruhusiwe kuchora kifaa cha wodi ambayo hajawahi kukesha. Akae hapo wiki kadhaa, mchana na usiku, siku umeme upo na siku umekatika, atazame mikono ya wauguzi kabla ya kugusa kalamu. Kisha aandike haja kwa sentensi moja isiyotaja kifaa chochote: tatizo ni lipi, linampata nani, na ni badiliko gani litakaloonyesha kwamba limekwisha. Akishindwa kuandika sentensi hiyo, hajawa tayari kubuni. Mashindano ya ubunifu yanaweza kubadilishwa yaanze na orodha ya haja zilizothibitishwa kutoka wilayani, na tuzo isitolewe yote siku ya maonyesho. Sehemu yake ingoje miaka miwili, itolewe wodini, kwa kifaa kinachoendelea kutumika.

Na wale wanaoleta misaada waambiwe kwa adabu na kwa uthabiti kwamba orodha ya haja ipo, wachague ndani yake. Zawadi isiyo na vipuri, isiyo na mafunzo, na isiyo na fundi wa kuitunza inaweza kukataliwa bila mtu kuvunjiwa heshima. Kukubali kila kinacholetwa kumekuwa kukihesabiwa kuwa uungwana, lakini hauwi uungwana kwa yule anayekufa kando ya mashine iliyozimika.

Siku mkunga wa zahanati ya mbali atakapoulizwa na mtu mwenye kalamu, "Usiku wa jana ulikwama wapi?", na jibu lake likaandikwa, likafika kwa mhandisi, likarudi kwake katika umbo la kitu kinachofanya kazi, hapo ndipo ubunifu wa afya utakapostahili jina lake. Mkunga huyo yupo kazini hivi sasa. Majibu anayo tele. Amengoja muda mrefu kuulizwa.